Maji Nyuma ya Vigae

Leo tuzungumze juu ya jambo la nyumbani, dogo kwa kulitazama, lakini limewatoa watu fedha nyingi: vigae vya bafuni vinavyobanduka kandokando ya dirisha.

Kigae kikianguka twamwita fundi. Fundi hupaka saruji mgongoni mwake, hukirudisha mahali pake, twamlipa. Ikija masika kinaanguka tena, na safari hii kimefuatana na jirani zake wawili.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 14, iko sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo ukutani. Kuhani hakuambiwa apake chokaa juu ya madoa. Nyumba ilifungwa siku 7, kisha ikakaguliwa. Madoa yakiwa yameenea, mawe yale yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa ndani pande zote, ndipo yakatiwa mawe mengine na udongo mpya. Wasomaji wengi huipita sura hiyo upesi. Mafundi wasingeipita.

Basi maji huingilia wapi? Si katika uso wa kigae. Huingia katika maungio, kwa maana simiti nyeupe hunywa maji kidogo kidogo, na pembe za dirisha ndizo hupasuka kwanza. Dirisha la chuma nalo hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma plasta pamoja na kigae. Tena utazame ukingo wa nje: ukiwa umeinamia ndani, mvua yote ni mgeni wako. Mtu mmoja amwage ndoo ya maji nje juu ya dirisha, mwingine asimame ndani aone unyevu unatokea wapi.

Sasa chukua sarafu ugonge kila kigae. Kilichoshika hutoa sauti nzito; kilichoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Tia alama. Lakini kama bomba lenu la kuogea hupasha maji kwa umeme, zima swichi kuu kabla ya kushika tindo. Ukuta uliolowa wenye nyaya ndani umewahi kuua watu.

Ng'oa vyote vinavyolia, ukwangue plasta laini mpaka ufikie jiwe gumu. Hapo ngoja. Ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa bafu ni moja na watu wa nyumbani wanauliza kila asubuhi litakwisha lini. Na waoge kwa beseni! Katika baridi ya Julai kule Limuru ukuta haukauki kwa siku mbili.

Ukiisha kukauka, sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, piga plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Ukingo wa nje uinamie nje. Vigae vya ukingo wa ndani viinamie kidogo kuelekea bafuni, maji yasitulie kwenye fremu. Kati ya kigae na fremu acha nafasi ya milimita 3 hivi, uijaze silikoni, si simiti, kwa sababu chuma hutanuka juani na simiti haiwezi kukifuata.

Silikoni ipewe siku nzima ikauke. Kisha mwite tena yule wa ndoo, amwage maji nje, nawe usimame ndani.