Hotuba Juu ya Utunzaji wa Chachu ya Maziwa
(Iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano wa Mwaka)



Neno langu ni dogo kwa sura, nalo ni juu ya vijiko viwili vya maziwa ya mgando, na namna ya kuvitunza ili vizae maziwa mengine wiki hii na wiki zijazo.

Kugandisha maziwa si elimu ya kuletewa. Wakalenjin wana mursik, ambayo hutiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kaa la mti uitwao senetwet; Wamasai wana kule naoto; na huko kaskazini maziwa ya ngamia hugandishwa yakaitwa suusac. Mabaki yaliyoshika ndani ya kibuyu ndiyo mbegu ya maziwa ya kesho. Wazee walikuwa wakiifanya kazi hiyo zamani sana kabla ya mwaka 1857, Louis Pasteur wa Ufaransa alipoeleza kwamba uchachu wa namna hiyo ni kazi ya viumbe hai wasioonekana kwa macho. Hao hula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo igandishayo maziwa na kuyachelewesha yasioze.

Lakini liko jambo moja linaloleta mabishano majumbani mwetu. Mama kijana akitaka maziwa yachemshwe kwanza, mzee hujibu kwamba maziwa yaliyochemshwa yamekufa, hayagandi vyema. Kwa haki, wote wawili wamesema kweli. Maziwa mabichi yaweza kubeba ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuganda peke yake si kinga ya kutegemewa. Moto huwaua wadudu hao. Lakini huwaua pia wale wema wagandishao. Basi mwamuzi wa shauri hili ni chachu iliyowekwa akiba: moto umwondoe adui, kisha kijiko kimrudishe rafiki.

Njia yake ni hii. Chemsha lita moja ya maziwa, ukikoroga yasiungue. Yaache yapoe hata yawe vuguvugu, kiasi cha digrii 43. Asiye na kipimajoto na adondoshe tone juu ya kifundo cha mkono, alisikie lina joto bila kuchoma. Koroga vijiko viwili vikubwa vya yogati isiyotiwa sukari katika maziwa kidogo, kisha uchanganye na yote ndani ya chombo kilichosuuzwa kwa maji yanayochemka. Funika, vungia blanketi, na usikitikise kwa muda wa saa 6 hadi 8. Ikiwa chachu yako ni ya maziwa lala, fahamu kwamba hiyo ni ya jamii nyingine, nayo haipendi joto jingi: ngojea maziwa yapoe kabisa, kisha uyaache saa 16 hadi 18. Kibuyu kilichozoea maziwa mabichi kisitumiwe; kitengwe kipya.

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Maziwa yakiisha kuganda, kabla ya sukari na kabla ya mtoto yeyote kutia kijiko chake, toa chachu ya kesho kwa kijiko safi. Itie katika chupa safi yenye kifuniko, uiweke mahali pa baridi. Katika jokofu itumie kabla ya siku 7 kupita. Pasipo jokofu, gandisha upya kila siku. Ukiona ukungu, rangi ya waridi, utelezi au harufu mbaya, mwaga yote bila huruma.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii, ndugu zangu, huoza isipoangaliwa, na nyumba moja peke yake haiwezi kuilinda siku zote. Kwa hiyo naomba kila mwenye chachu ampe jirani yake vijiko viwili. Siku ya kwako itakapokufa, utajua mlango wa kubisha. Na maziwa ya jioni, ambayo mara nyingi hukosa mnunuzi, yatakuwa chakula cha watoto asubuhi badala ya kumwagwa.