Bandari Iliwaita Watu, Nani Aliwajengea?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la Mombasa)



Tumeombwa tuseme machache juu ya watu wanaokuja Mombasa kutafuta kazi, maana mabarazani twasikia kwamba mji huu umeharibiwa na wageni. Sisi twasema, natuitazame habari hii tangu mwanzo wake.

Mombasa imezoea wageni. Zamani majahazi yaliingia bandari ya kale kwa upepo wa kaskazi, na mabaharia wakakaa Mji wa Kale miezi michache, kisha kusi ikawarudisha kwao. Mgeni wa namna ile mji ulimweza. Lakini reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 magati ya maji marefu yakafunguliwa Kilindini. Hapo mgeni akawa wa namna nyingine. Huyu hakuondoka na kusi. Meli ya moshi haingoji upepo, na mwenye meli alitaka watu wawe tayari langoni alfajiri. Siku ambayo meli haikuja, hakuwa na haja nao.

Ndiyo habari ya kibarua. Jina lenyewe latokana na barua, yaani kile kikaratasi cha kuhesabia siku za kazi. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake! Wadigo walivuka Likoni, Wataita, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya na Wajaluo wakaja kwa gari la moshi, Washihiri kwa jahazi. Reli iliwapa vyumba baadhi ya watu wake. Kibarua wa gatini alijitafutia mwenyewe.

Alilala wapi? Hapa twataka mkumbuke Majengo. Nyumba zile hazikujengwa na makampuni ya meli. Mwenye ardhi aligawa viwanja, mtu akalipa kodi ya kiwanja, akasimamisha nyumba ya miti na udongo na makuti juu, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, kisha akapangisha vyumba. Nyumba yake, ardhi ya mwingine. Desturi hiyo ya nyumba bila ardhi ingali pwani mpaka leo, na kesi zake mwazijua.

Vyumba vikajaa, kodi ikapanda, mshahara ukasimama pale pale. Mwaka 1939 watu wakagoma, na tume ya Willan ikaja kuchunguza hali zao, nyumba zikiwamo. Yaliyobadilika hayakutosha. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: wa gatini, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Karibu siku kumi na mbili mji ulisimama. Walikusanyika katika kiwanja cha Kiembeni, wakakiita Kiwanja cha Maskini, na waliokaa pale walikuwa wa makabila mengi. Mishahara ikaongezwa baada ya baraza la Jaji Thacker. Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kuzuiliwa Baringo.

Sasa wale wanaolaumu wageni watuambie, je, katika hesabu hiyo ni mgeni aliyepandisha kodi?

Mwaka 1962 mji ulikuwa na watu karibu 180,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Na katika muda huo makontena yamechukua kazi ya mabega mengi, na tangu mwaka 2018 reli mpya yapeleka mizigo bara. Watu wazidi kuja na gati yahitaji mikono michache. Hili ni jambo zito kuliko la mgeni na mwenyeji, na twaliona katika vyumba tunavyopanga, watu sita penye nafasi ya wawili.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi yataka kujua kila mwanachama alipa kodi kiasi gani katika mshahara wake, ili tukienda kuzungumza na waajiri juu ya posho ya nyumba tuwe na hesabu mkononi. Leteni stakabadhi za miezi mitatu. Asiyepewa stakabadhi na mwenye nyumba aje vile vile. Karani ataandika maneno yake.