Bata mzinga mwitu na makazi yake

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, bata mzinga mwitu walitoweka kabisa mwaka 1851. Misitu ilikuwa imefyekwa kupisha mashamba, na bunduki zikawamaliza waliosalia. Baadaye mashamba mengi yaliachwa, miti ikaota upya, lakini ndege hawakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikamatwa 37 huko New York, wakaachiwa katika milima ya Berkshires, Massachusetts. Leo jimbo hilo lina zaidi ya 25,000.

Walistawi kwa sababu walipata kila wanachohitaji. Usiku ndege huyu hulala juu ya miti mikubwa, mbali na wanyama wawindaji. Jike hutaga chini, akijificha vichakani. Vifaranga, ambao siku za mwanzo hawawezi kuruka, huhitaji uwazi wenye nyasi na wadudu tele. Majira ya baridi, mbegu za mialoni ndizo tegemeo.

Kwa hiyo tunapopima uhifadhi, kuhesabu miti hakutoshi. Tuulize pia: ndege atalala wapi, atataga wapi, na vifaranga wake watakula nini?