Bastola Haikwami Bila Sababu
(Mazungumzo kwa wanafunzi wa zamani waliokutana Katandala, Sumbawanga)



Mmeniomba niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka kadhaa nilikabidhiwa bastola ya kazini, Browning Hi-Power. Bastola hii ilianza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1935. John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive akaimaliza. Magazini yake huchukua risasi 13 za milimita 9. Jeshi la Uingereza liliitumia tangu 1954 hadi ilipoanza kubadilishwa mwaka 2013. Si silaha mbovu.

Hata hivyo, siku moja kwenye uwanja wa shabaha, ya mwenzangu ilikwama kwenye risasi ya tatu. Akageuka kuniuliza afanyeje, kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio. Alipoitikisa, slaidi ikajifunga na risasi ikalia. Ilichimba udongo karibu na mguu wangu wa kushoto. Nasimama mbele yenu kwa miguu miwili kwa rehema za Mungu tu.

Tulipoifungua tuliona makosa yetu wenyewe. Kwanza, midomo ya magazini ilikuwa imepinda, kwa hiyo risasi ilipanda vibaya. Ndugu zangu, bastola nyingi hukwama kwa sababu ya magazini. Ziandikeni namba, ile inayokwamisha mara kwa mara itolewe kazini.

Pili, springi ilikuwa imechoka. Springi ndiyo inayorudisha slaidi na kuingiza risasi chemba. Ikilegea, slaidi haifiki mwisho. Ibadilishwe kwa wakati wake, isingojewe ivunjike.

Tatu, mafuta. Sisi tulidhani mengi ndiyo matunzo. Huku Ufipa, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni huyafanya mazito; ukiteremka bonde la Rukwa, vumbi huyageuza tope. Futa kwanza, kisha paka kidogo pale chuma kinaposuguana na chuma.

Nne, risasi. Hi-Power za zamani zilizoea risasi za kijeshi zenye ncha ya mviringo. Nyingine, hasa zenye ncha yenye shimo, huweza kugonga mlango wa chemba.

Na ikikwama? Mtutu ubaki unaelekea mahali salama. Kidole kitoke kwenye kifyatulio. Chomoa magazini, vuta slaidi, kisha tazama chemba kwa macho yako. Kuchomoa magazini peke yake hakutoshi. Risasi iliyomo chembani haitoki nayo.

Silaha ni dhamana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki silaha bila leseni. Lakini leseni haisafishi mtutu. Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, wakakiheshimu chuma hicho maana walijua jasho lake. Sisi tuliokipokea kikiwa tayari tusikidharau. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa bastola hauoneki mpaka mtu aanguke.