Mega za mmoja, kazi ya wote

Ndugu na dada wa Luena,

Diplome tuko nazo, kazi hatuna. Makaa ya mawe ya hapa yalipanda treni yakaenda, sisi tulibakia. Ndiyo sababu tunajifunza Java.

Mwezi jana wawili wetu waliacha. Kila mmoja alinunua mega peke yake, zikaisha mbele ya kazi kuanza. Hiyo isirudi tena.

Kwanza, tuweke JDK, na JAVA_HOME ionyeshe folda yake. Bila JDK, maandishi yetu hayageuki programu.

Pili, Maven, wote namba moja. Inasoma pom.xml, inaona maktaba zinazohitajika, inazichukua kwa intaneti. Hapo ndipo mega zinakwisha! Lakini kile imeshapakua inakiweka katika folda .m2, hairudilii.

Tatu, mmoja wetu ajenge mradi kwa mvn package, mega zake tuzichangie. Wengine tukopie mradi na .m2/repository kwa flashi, kisha mvn -o package. Intaneti hakuna, kazi inatembea.

Wazazi walichanga ili tusome. Mwenye folda asiifiche.