Wachukuzi Wanne



Injili ya Marko, sura ya pili, yatupa habari za watu wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza, wakatoboa dari ili wamfikishe kwa Bwana. Majina yao hatuyajui. Twajua kwamba Bwana alitazama imani ya wachukuzi hao kabla hajasema neno na mgonjwa.

Leo fikira zetu zaelekea Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, ufukoni mwa Tanganyika. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, waliitwa askari na mgambo kutoka pande zote za nchi. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kijana wa siku zile sasa yu karibu na miaka 70. Wako waliorudi na jeraha la kichwa, na jeraha hilo laweza kuzaa kifafa, hata baada ya miaka. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa waliolala Kaboya, na ni haki. Aliye hai, aangukaye mchangani penye dagaa, hana siku yake.

Mwenye kifafa kandokando ya ziwa ana maadui wawili, maji na moto. Hawezi kwenda kuvua usiku. Akianguka kutoka mtumbwini, giza litammeza. Amepoteza kazi, na mara nyingi amepoteza hata sahani ya pamoja, maana watu waogopa povu lake. Povu hilo haliambukizi! Tangu daktari Louise Jilek-Aall alipowahudumia wagonjwa wa kifafa kule Mahenge, miaka ya 1960, nchi yetu imeshuhudia kwamba dawa ikimezwa kila siku, wengi hupata nafuu. Ikikatwa ghafla, mgonjwa aweza kuanguka mfululizo, hata kufa. Nasi mapadre tukiri: mara nyingine tumemwombea mgonjwa bila kumwuliza kama vidonge vimekwisha.

Vikiisha, hupanda boti kwenda Kigoma. Yahitajika nauli, na yahitajika mtu, kwa kuwa hafai kusafiri ziwani peke yake. Makatekista, hiyo ni kazi ya jumuiya ndogo ndogo. Mpeni pia kazi ya nchi kavu, kushona nyavu au kuanika dagaa, naye alipwe kama wengine. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, mkae naye mpaka azinduke.

Leo, baada ya Misa, ulizaneni: safari ijayo ya boti, nani ataketi kando yake?