Faida ya Maktaba ya Watu Wote Katika Siku Hizi za Simu



Tumeombwa tuseme habari ya maktaba. Wako waonao ya kuwa jambo hili limekwisha kupitwa, maana simu i mkononi mwa watu, na kwa simu hiyo mtu aweza kufikia vitabu vingi kuliko vyote vya mji wake. Hayo si uwongo. Lakini twaomba mtuvumilie kidogo.

Kwanza tutazame mlango. Mjini Nairobi mwaka 1931 ilifunguliwa maktaba ya McMillan, nyumba ya mawe yenye nguzo kubwa mbele. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hata mwaka 1958. Vitabu vilikuwapo, na wenye kiu ya kusoma walikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuketi. Nasi Tanzania, tarehe 9 Desemba 1967, Rais Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, lilikuwa neno kubwa kwamba mtu ye yote aweza kupanda ngazi zile.

Simu nayo ina mlango wake, na mlango huo hulipiwa. Kifurushi kikiisha, somo hukatika katikati. Mtoto wa mama auzaye maandazi huazima simu ya mamaye usiku, na mama naye aingoja, kwa kuwa kwa simu hiyo hiyo hupokea fedha za wateja. Tena nyumbani hakuna meza, wala kimya. Wadogo walia, na redio ya jirani haichoki. Maktaba yampa meza, na taa, na kimya, wala haimwulizi baba yake ni nani. (Hotelini hukai dakika tano kabla hujaulizwa utakunywa nini.)

Tena yuko mkutubi. Mtu akiuliza katika intaneti dawa ya wadudu wa mahindi, huletewa majibu elfu, na yale yaliyo mbele pengine yamelipiwa na mwenye kuuza dawa. Mkutubi hana dawa ya kuuza. Huuliza, “Wataka nini hasa?” kisha huonyesha kitabu, au huketi na mtu mbele ya kompyuta wakatafuta pamoja. Wazee wengi waogopao mashine hizi wamefunguliwa macho hivyo, pasipo kuchekwa na wajukuu.

Wala tusidhani maktaba ni nyumba ya kukaa mahali pamoja tu. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, ngamia wamechukua masanduku ya vitabu na hema kwa watoto wa wafugaji. Na mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakaazimu kuitengeneza upya ile ile McMillan, pamoja na maktaba za Kaloleni na Makadara.

Limebaki neno moja, nalo ni la saa. Mahali pengine chumba cha vitabu hufungwa jioni, wakati ule ule mtoto atokapo shule, na siku ya Jumamosi huwa na kufuli. Basi waalimu, mlio karibu na wenye ufunguo, nendeni mkaseme nao. Ombeni Jumamosi moja tu kwanza, mkaandike hesabu ya watoto watakaoingia, mkawapelekee wenye ufunguo karatasi hiyo.